Mwanza hadi Bukoba kwa ndege: namna ya kukokotoa mwenyewe umbali na muda wa safari fupi

Ukiuliza mtandaoni Mwanza na Bukoba zimeachana kiasi gani kwa njia ya anga, jibu moja litakuambia kilomita 174, la pili maili 94, la tatu maili 108. Ukiuliza muda, utakuta dakika 21, kwingine 31, tiketi inakupa kama 45, na binamu yako aliyesafiri juzi anaapa kwamba alipoteza nusu siku. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amejibu swali lake.

Kwenye ukoo wetu kazi ya kukata tiketi za watu iliniangukia mimi, kwa kuwa tu niliwahi kufundisha hesabu. Misiba, harusi, na ile hamahama ya Desemba ambapo kila Mhaya aliyeko mbali anataka kuwa nyumbani kabla ya Krismasi: simu zote zinakuja kwangu. Kwa hiyo nimeandika hatua ninazozifuata. Nimetumia Mwanza na Bukoba kwa sababu ndiyo njia ninayoijua, lakini ukibadilisha namba tu unaweza kupiga hesabu ya Eldoret na Mombasa, Kigoma na Tabora, au viwanja vyovyote viwili ambavyo havijaachana sana.

Hatua ya 1: Jua ni kiwanja kipi hasa

Usicheke. Kosa linaanzia hapa mara nyingi kuliko kwenye hesabu. Kila kiwanja kina alama ya herufi tatu inayoandikwa kwenye tiketi na kwenye kile kikaratasi kinachofungwa kwenye begi. Mwanza ni MWZ, Musoma ni MUZ. Herufi moja ya katikati, na umekosea kwa zaidi ya kilomita 140. Mbeya, yaani Songwe, ni MBI. Mombasa ni MBA. Anayekwenda Arusha aangalie kama ameandikiwa ARK, ambacho ni kile kiwanja cha Kisongo karibu na mji, au JRO, ambacho ni Kilimanjaro, kilichoko kati ya Arusha na Moshi. Nairobi nako kuna NBO ya Jomo Kenyatta na WIL ya Wilson, na foleni ya kutoka kimoja kwenda kingine inaweza kukuchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe ya angani.

Bukoba ni BKB. Ziandike herufi hizo pembeni: MWZ, BKB.

Hatua ya 2: Pata latitudo na longitudo

Fungua ramani kwenye simu, tafuta kiwanja, kisha kandamiza kidole kwa sekunde kadhaa juu ya njia ya kurukia. Zitatokea namba mbili zenye desimali. Ya kwanza ni latitudo, yaani umbali kutoka ikweta. Ya pili ni longitudo, kuelekea mashariki au magharibi. Ikiwa latitudo ina alama ya kutoa mbele yake, kiwanja kiko kusini mwa ikweta. Kwa Tanzania yote utaiona alama hiyo.

Nafasi mbili za desimali zinatutosha:

Mwanza: kusini 2.44, mashariki 32.93
Bukoba: kusini 1.33, mashariki 31.82

Hatua ya 3: Piga hesabu

Nyuzi moja ya latitudo ina maili 60 za baharini. Namba hiyo haikutokea kwa bahati. Maili ya baharini ilitungwa hivyo tangu mwanzo, dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 yake, iwe maili moja. Leo urefu wake umewekwa kuwa mita 1,852 kamili. Ndiyo sababu mabaharia na marubani hawajaiacha: inawaruhusu kusoma umbali moja kwa moja kwenye ramani.

Toa latitudo kwa latitudo: 2.44 kutoa 1.33 ni 1.11. Zidisha kwa 60, unapata 66.6.

Toa longitudo kwa longitudo: 32.93 kutoa 31.82 ni 1.11 tena. Zidisha kwa 60, unapata 66.6 nyingine.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Nyuzi za longitudo hazina urefu uleule kila mahali. Mistari yake inakutana kwenye ncha za dunia kama vipande vya chungwa lililomenywa, kwa hiyo kadiri unavyoiacha ikweta ndivyo inavyosogeleana. Dawa yake ni kuzidisha ile namba ya longitudo kwa kosini ya latitudo ya katikati ya safari. Kwetu katikati ni kama nyuzi 1.9, na kosini yake ni 0.9995. Ukizidisha, 66.6 inabaki 66.6 kwa jicho la kawaida. Watu wa Ziwa Victoria tunaweza kuisahau hatua hiyo na dunia isijue. Lakini ukiwa na ndugu Oslo, kwenye nyuzi 60 hivi, kosini inakaribia nusu, na ukiisahau utamwambia habari za uongo mara mbili ya ukweli. Kwenye simu nyingi, ukikilaza kikokotoo kwa upande, kitufe cha cos kinatokea.

Sasa una pembetatu mraba: upande mmoja 66.6 kwenda kaskazini, mwingine 66.6 kwenda magharibi, nasi tunataka ule mstari mrefu wa mshazari. Ni Pythagoras yuleyule wa kidato cha pili. 66.6 mara 66.6 ni 4,435.6, jumlisha na nyingine kama hiyo, 8,871, kipeuo cha pili chake ni 94.2.

Maili 94 za baharini. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita: 174.

Na yale majibu ya mwanzo sasa yanaeleweka. 94 ni maili za baharini. 108 ni maili za nchi kavu, zile za kilomita 1.609, ambazo Wamarekani na Waingereza huzitumia barabarani. Ukiona neno "maili" peke yake, usilitumie mpaka ujue ni zipi.

Pande zote mbili kutoka 66.6 kuna maana nyingine: Bukoba iko kaskazini-magharibi mwa Mwanza kwa usahihi wa kushangaza, nyuzi 315 za dira, ukihesabu kutoka kaskazini kwa kuzunguka kama mshale wa saa. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Mtego mmoja kwa wenzetu wa Kenya na Uganda. Ikweta ikipita katikati ya safari, latitudo hazitolewi, zinajumlishwa. Eldoret iko kaskazini 0.40, Mombasa iko kusini 4.03. Tofauti yao ni 4.43, si 3.63. Longitudo ni 35.24 na 39.59. Endelea mwenyewe, ukipata maili kama 373 za baharini, yaani kilomita 690 hivi, umeelewa. Ukipata 340, umetoa pale pa kujumlisha.

Njia hii inachukulia dunia kama meza bapa. Kwa safari za ndani ya Afrika Mashariki kosa lake ni dogo mno. Kwa Dar es Salaam hadi London usiitumie; huko mviringo wa dunia unadai haki yake.

Hatua ya 4: Uliza ni ndege gani

Kasi ya ndege hupimwa kwa noti, si za benki, bali maili za baharini kwa saa. Ukishakuwa na umbali kwa maili hizohizo, kugawanya ni jambo la sekunde. Kasi za kukadiria, ndege ikiwa imetulia juu:

Cessna Caravan, ile ndogo ya panga boi moja: noti 180 hivi.
ATR 72, panga boi mbili: noti 270 hivi.
Dash 8 Q400, nayo ya panga boi mbili lakini yenye haraka: noti 350 hivi.
Airbus A220, jeti: noti 450 hivi.

Aina ya ndege huonekana unapokata tiketi, kwa maandishi madogo karibu na namba ya safari. Chukua ATR: 94 gawanya kwa 270 ni saa 0.348, sawa na dakika 21.

Hizo ndizo dakika 21 tulizoziona mwanzoni. Kuna kurasa zinaishia hapo na kukuandikia kwa herufi nene kwamba huo ndio muda wa safari. Ingekuwa kweli kama ndege ingezaliwa angani ikiwa tayari kwenye kasi yake, na kufia angani.

Hatua ya 5: Ongeza kupanda na kushuka

Hapa ndipo safari fupi inapotofautiana na ndefu, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Mwanza na Bukoba zote ziko pembeni ya ziwa, karibu futi 3,750 juu ya usawa wa bahari. Tuseme rubani amepangiwa kwenda juu hadi futi 15,000. Ana futi 11,250 za kupanda, na hizohizo za kushuka.

Kushuka kuna kanuni ambayo marubani huifanya kichwani: kwa kila futi 1,000 unazotaka kupoteza, anza kushuka maili 3 kabla. Futi 11,250 zinahitaji maili 34. Kupanda, kwa ndege kama ATR iliyojaza abiria, tukadirie dakika 9 na maili 27. Jumla tayari maili 61 kati ya 94. Zinabaki 33 tu za kwenda tambarare, na kwa noti 270 hizo zinaisha kwa dakika 7.

Yaani theluthi mbili za safari ndege inapanda au inashuka, na mote humo kasi yake iko chini ya ile ya kwenye orodha. Ndiyo maana wahudumu wa njia hii hukimbia na trei ya maji na karanga kama wanaofukuzwa. Taa ya mkanda inazimwa, unapewa chupa, unafungua kifuniko, na unasikia mlio wa injini ukipungua. Hiyo ni kushuka.

Tujumlishe: kupanda dakika 9, tambarare 7, kushuka 9 au 10, na dakika 5 za kujipanga mbele ya njia ya kutua. Karibu dakika 31 magurudumu yakiwa hewani. Njia ya mkato ninayoitumia kwa ndege za panga boi: gawanya umbali kwa kasi, kisha ongeza dakika 10. 21 na 10 ni 31.

Na hapo inaingia ile namba 315. Namba kubwa zilizopakwa rangi kwenye mwisho wa njia ya kurukia ni nyuzi za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho. Mwanza njia ina 12 upande mmoja na 30 upande mwingine. Bukoba ni 13 na 31. Ndege ikiondoka Mwanza kwa 30, pua yake inatazama nyuzi 300, karibu kabisa na Bukoba. Ikitua Bukoba kwa 31, inaingia moja kwa moja kutoka ziwani bila kuzunguka. Siku kama hiyo safari huwa kama kamba iliyovutwa. Lakini ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, na upepo ukiwa wa upande wa pili, utaondoka Mwanza kwa 12 ukiipa Bukoba mgongo, halafu ugeuke. Dakika 3, 4 au 5 zimekwenda, na hakuna aliyekosea.

Upepo wa juu nao una hesabu yake, ingawa kwetu ni ndogo. Kama unavuma kwa noti 20 kutoka mbele, toa 20 kwenye kasi ya ndege: 94 gawanya kwa 250 ni dakika 22 na nusu badala ya 21. Dakika moja na nusu. Kwenye safari ya saa nane juu ya bahari ya Atlantiki kaskazini, ambako pepo za juu ni kali mno, tofauti ya kwenda na kurudi hufika saa nzima au zaidi. Huku kwetu karibu na ikweta pepo hizo huwa za upole, wala usiumize kichwa.

Hatua ya 6: Linganisha na tiketi

Muda ulioandikwa kwenye tiketi hauanzi magurudumu yakiacha ardhi. Unaanza ndege ikijiondoa pale ilipoegeshwa na unaisha ikiegeshwa upande wa pili. Kwa viwanja vidogo ongeza dakika 10 juu ya muda wa hewani, tupate 41. Kampuni huongeza kidogo tena ili zisionekane zimechelewa kila siku, na ndiyo maana unaona 45.

Safari moja niliamua kushika saa ya mkononi kuanzia mwanzo. Mlango ulifungwa saa 2:43 asubuhi. Saa 2:47 tukaanza kutembea. Tukafika mwisho wa njia, tukasimama kungojea ndege nyingine itue. Yule mzee aliyekaa dirishani akanisogezea kichwa niione. Saa 2:55 tukaruka. Matairi yaligusa Bukoba saa 3:27, mlango ukafunguka saa 3:32. Hewani dakika 32. Kutoka mlango kufungwa hadi kufunguka, dakika 49. Hesabu yangu ya mezani ilikuwa imekosea kwa dakika moja angani, na nilijisikia vizuri siku nzima.

Kwa kuhakiki njia yenyewe, ijaribu kwenye safari ndefu kidogo: Mwanza hadi Dar es Salaam. Dar iko kusini 6.88, mashariki 39.20. Utapata maili 460 za baharini, kilomita 851 hivi. Kwa A220 ni saa 1 na dakika 1 ya kugawanya. Kwa jeti kwenye kiwanja chenye shughuli nyingi naongeza nusu saa yote kwa pamoja, hewani na ardhini, inakuwa saa 1 na nusu. Angalia ratiba, haitakuwa mbali na hapo. Umbali umekuwa karibu mara tano ya ule wa Bukoba, muda umeongezeka mara mbili tu. Ndege hulipwa fadhila zake kwenye safari ndefu.

Sasa kuhusu kusoma saa zenyewe, maana nimeshuhudia vilio. Tiketi imeandikwa kwa saa 24, sisi tunahesabu kuanzia kucha. Toa 6: 08:40 ni saa 2:40 asubuhi, 13:15 ni saa 7:15 mchana. Mjomba wangu mmoja aliona 07:10 kwenye simu, akasoma saba, akafika uwanjani saa sita na nusu mchana akiwa na kanzu safi na debe la senene. Ndege ilikuwa imeshakwenda na kurudi. Tangu hapo mtu mzima yeyote ninayemkatia tiketi namwandikia ujumbe kwa maneno: "Ndege inaondoka saa moja na dakika kumi ASUBUHI."

Kuna mtego mwingine kwa wanaovuka mipaka. Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo wako saa moja nyuma yetu. Ukitoa saa ya kuondoka Dar kwenye saa ya kufika Bujumbura, safari itaonekana fupi kwa saa nzima kuliko ilivyo. Wakati wa kurudi itaonekana ndefu. Oman nako wako saa moja mbele. Saa za tiketi siku zote ni za mahali palipotajwa, si za nyumbani kwako.

Hatua ya 7: Acha nafasi ya ziwa

Ziwa Victoria lina tabia yake. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, hewa inateremka kutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa, mawingu ya radi yanajengeka humo, kisha upepo wa mashariki unayasukuma magharibi. Yanatua wapi alfajiri? Kwetu Bukoba. Ndiyo sababu ufuko wa Kagera unapata mvua nyingi kuliko ng'ambo ya pili, na ndiyo sababu asubuhi ya Mwanza inaweza kuwa nyeupe kabisa huku Bukoba huoni mlima.

Kila mtu wa Kagera anaikumbuka asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege kutoka Dar es Salaam ilipoanguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 43 walikuwamo, 19 wakafa. Kwa hiyo rubani akizunguka juu dakika 20 akingojea wingu lipite, au akiamua kurudi Mwanza, mimi huwa sinung'uniki, na anayenung'unika kiti cha jirani namtazama tu.

Kwenye mpango wako, ikiwa unaunganisha na ndege nyingine, usiache nusu saa. Acha saa tatu. Ikiwa ni mazishi, nenda siku moja kabla. Na uikwepe ile safari ya mwisho ya jioni kama kiwanja unachokwenda hakina taa za njia: ndege ikichelewa kuondoka, giza likikaribia, safari inafutwa. Hapa longitudo inakusaidia tena. Kila nyuzi moja kwenda magharibi jua linachelewa dakika 4. Bukoba iko zaidi ya nyuzi 7 magharibi mwa Dar, kwa hiyo jua huzama kwetu kama nusu saa baadaye. Usitumie giza la Dar kupanga safari ya Kagera.

Hatua ya 8: Hesabu kutoka mlango wa nyumba

Mimi nakaa Nyegezi, kusini mwa jiji. Kiwanja kiko kaskazini, kama kilomita 10 kupita katikati ya mji. Kwa asubuhi ya foleni natenga saa 1. Kufika uwanjani kabla ya muda, saa 1 na nusu. Safari ya tiketi, dakika 45. Kupokea begi na kutoka Bukoba, dakika 20, kwa kuwa kiwanja kiko mjini, pembeni ya maji. Jumla ni saa 3 na dakika 35. Niite saa 4.

Kilomita 174 kwa saa 4 ni kilomita 43 kwa saa. Bodaboda.

Basi? Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400, kwa sababu barabara inalizunguka ziwa kupitia Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba. Zamani hesabu yake ilikuwa na shimo katikati: kivuko cha Kigongo na Busisi, ambapo ungeweza kukaa ukila mahindi ya kuchoma mpaka ukasahau unakokwenda. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita kama 3, na shimo hilo limezibwa. Ukitenga saa 7 hadi 8 hukosei sana. Na mimi ninayekaa jirani na stendi ya Nyegezi, saa 4 za ndege dhidi ya 7 za basi si tofauti ya kutisha, hasa nikitazama bei. Meli nayo huondoka usiku na kufika asubuhi kupitia Kemondo. Umelala humo, kwa hiyo sijui niuhesabu muda wake kama muda uliopotea au usingizi.

Hesabu hii hubadilika kabisa ukikosa ndege ya moja kwa moja. Mwanza hadi Songwe kwa mstari ulionyooka ni kilomita 720 hivi. Tiketi ikikupitisha Dar, unaruka 851 kwenda pwani, halafu karibu 690 kurudi nyanda za juu: zaidi ya 1,500, mara mbili, na bado hujahesabu masaa ya kukaa ukingojea. Kabla hujalipa, soma kama kuna alama ya tatu katikati ya zile mbili ulizoziandika hatua ya kwanza. Kama ipo, rudia hesabu kwa vipande viwili.

Kumjulisha anayekupokea

Mpe saa ya kutua pamoja na dakika 15, kwa Kiswahili, na umtaje namba ya safari ili aweze kuulizia. Mimi humwandikia shangazi hivi: "Shikamoo shangazi. Tunatua saa tatu na nusu asubuhi, Mungu akijalia. Toka nyumbani saa tatu na dakika arobaini." Hajawahi kuufuata hata mara moja. Nyumba yake haiko mbali na kiwanja, na anasema panga boi anaisikia ikiwa bado ziwani. Ndipo anapoinua sufuria ya ndizi jikoni, anatafuta kitenge, na anapofika getini mimi ndiyo kwanza natoka na begi.